Mgonjwa Apewe Kitanda, Si Seli

Kila ugonjwa wa kuambukiza ukitangazwa hapa Kenya, kuna neno moja ambalo huwa la kwanza kuandikwa chini ya habari: "Wafungiwe!" Ilikuwa hivyo wakati wa korona mwaka wa 2020. Ikawa hivyo tena mwisho wa Julai 2024, mpox ilipopatikana kwa msafiri pale mpakani Taita Taveta. Kabla hata mtu aulize mgonjwa anaendeleaje, watu mia mbili wameshamtafutia kufuli.

Hiyo hofu naielewa, manze. Mimi pia napanda matatu ya watu kumi na wanne tukiwa kumi na saba, madirisha yamefungwa kwa sababu kuna mama anasema mtoto anapigwa na baridi. Mtu akianza kukohoa kiti cha nyuma, sote tunageuka kumwangalia. Nani anataka kuambukizwa?

Kwa hivyo msimamo wangu nauweka hapa mapema ndio mtu asiseme sikumwambia. Sheria ya kumtenga mgonjwa anayeambukiza tunaihitaji, na sitaki ifutwe. Lakini sheria hiyo inaipa serikali nguvu ya kumpeleka mtu mahali atatibiwa. Haikuipa nguvu ya kumwadhibu kwa kuugua. Siku serikali inachanganya hayo mambo mawili, hata sisi ambao hatujaugua tunaingia hatarini.

Na hii si nadharia. Hapa kwetu imeshatokea.

Mwezi wa Agosti 2010, huko Kapsabet, wagonjwa wa TB walishikwa na kupelekwa mbele ya hakimu. Hawakuwa wameiba kuku wa mtu. Walikuwa wameanzishiwa dawa za TB, halafu wakaacha kuzimeza vile inatakiwa. Maafisa wa afya walienda kortini wakiwa wameshika Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 27. Hakimu akaamuru wafungiwe kwenye gereza la Kapsabet kwa miezi minane, ati ndio wamalize matibabu.

Miezi minane gerezani, kwa sababu ya vidonge.

Sasa fikiria na mimi kidogo. TB inasafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, hata akiimba, vijidudu vinabaki vikielea ndani ya chumba, hasa kama chumba hakina hewa ya kutosha na watu wamejazana. Kama ungeambiwa uchague mahali pabaya kabisa pa kumweka mtu kama huyo, ungechagua wapi? Seli. Hapo kuna wafungwa wengine ambao hakimu aliwahukumu kifungo, hakuwahukumu TB. Kuna askari jela ambaye jioni anavua sare na kurudi nyumbani kwa watoto wake. Walisema wanakinga jamii, lakini watu wa gerezani hawakuhesabiwa kama jamii.

Halafu angalia kalenda. Tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilizinduliwa Uhuru Park, watu wakaimba, mizinga ikalia. Ukurasa baada ya ukurasa unaongea kuhusu utu, uhuru wa mtu, na haki ya kila mmoja kupata huduma bora ya afya. Wakati huo wote, wagonjwa hao walikuwa ndani. Walikaa siku 46 kabla Mahakama Kuu ya Eldoret kuamuru watolewe, wakatibiwe wakiwa nyumbani.

Kesi haikuishia hapo. Wawili wao, pamoja na shirika la KELIN linalotetea haki za afya, walienda Mahakama Kuu kuuliza swali moja ambalo kila Mkenya anafaa kutaka jibu lake: kwani sheria inaruhusu mgonjwa kufungwa jela ili atibiwe? Jibu lilikuja tarehe 24 Machi 2016, ambayo pia ni Siku ya TB Duniani. Jaji Mumbi Ngugi akasema hapana. Kifungu cha 27 hakimruhusu mtu yeyote kumpeleka mgonjwa wa TB gerezani, na kuwafungia vile kulivunja Katiba. Akaipa Wizara ya Afya siku 90 ikae na serikali za kaunti, itengeneze sera inayofuata Katiba kuhusu kuwatenga wagonjwa bila hiari yao. Siku 90 zikapita, mwaka ukapita, na sera ya kuwatenga wagonjwa wa TB ikatoka mwaka wa 2018.

Mimi niliacha chuo, na hata nilipokuwa huko sikuwa nikisomea sheria. Lakini kifungu cha 27 nimekisoma mwenyewe, na nakwambia hakihitaji shahada. Ni sentensi moja ndefu iliyoandikwa na wakoloni, kwa sababu hii sheria ilianza kutumika Septemba 1921, wakati babu wa babu yako anazuiwa kutembea bila kipande. Na hata hao wakoloni, na roho yao mbaya yote, hawakuandika neno "gereza" mle ndani. Waliandika "mahali pa kutengwa". Kifungu kinachokitangulia, cha 26, kinaongea kuhusu mtu ambaye tayari anaugua na mahali anapokaa hapawezi kuzuia ugonjwa usienee. Hicho kinataja hospitali, au mahali pengine pa muda panapofaa kupokea wagonjwa wa kuambukiza.

Kuna mambo mengine mawili mle ndani ambayo watu hawayaongelei kabisa.

La kwanza: kifungu cha 27 kinasema mtu anahamishwa kwa gharama ya serikali ya mtaa. Yaani hata mwaka wa 1921 mtu alijua kwamba ukimwondoa mtu kwake kwa nguvu ili kuwakinga wengine, wengine ndio wanalipa. Yeye tayari ametoa uhuru wake, utamdai na pesa tena?

La pili: sheria inaweka mwisho. Mtu anakaa pale mpaka afisa wa afya aone hana tena maambukizi au anaweza kutoka bila kuhatarisha watu, au mpaka hakimu afute amri. Kinachohesabiwa ni hali ya mwili wake. Na ukiongea na daktari yeyote wa kifua, atakwambia kwamba kwa TB ya kawaida, mtu akianza dawa zinazofanya kazi na kuzimeza vizuri, uwezo wake wa kuambukiza unashuka haraka sana. Kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi hatari inakuwa imepungua mno. Sasa weka wiki mbili kando ya miezi minane, halafu niambie miezi saba na nusu iliyobaki ilikuwa ya kumkinga nani. Hiyo ilikuwa adhabu iliyovaa koti jeupe la daktari.

Unaweza kusema hiyo ni stori ya zamani, tumeshajifunza. Haya, twende 2020.

Korona ilipofika Machi mwaka huo, serikali iliweka karantini ya lazima kwa waliokuwa wanaingia nchini na kwa waliokutana na wagonjwa. Sitaki kujifanya ilikuwa kazi rahisi, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inapapasa gizani. Kenyatta ilikuwa na wagonjwa, Mbagathi, ambayo wazee bado wanaikumbuka kama IDH, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, ikawekwa kitengo cha kuwatenga walioambukizwa, na wahudumu wa afya walifanya kazi ambayo sitaichezea hapa. Shida ilikuwa karantini. Watu walipelekwa kwenye hoteli, mabweni ya vyuo na ya shule, kisha wakaambiwa walipe wenyewe. Kwenye vituo vingine vya serikali ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Zidisha mara 14, hiyo ni 28,000. Jiulize ni kijana gani unayemjua ambaye ana 28,000 zimekaa tu zikingoja atengwe. Kuna waliokaa zaidi ya siku 14 ilhali walipimwa wakapatikana hawana virusi, kwa sababu bili haijalipwa. Serikali ilikuja kutangaza Mei 2020 kwamba itagharamia waliokuwa kwenye vituo vya umma, lakini uharibifu ulikuwa umeshafanyika.

Uharibifu gani? Aprili 2020 tuliona video ya watu wakiruka ukuta wa kituo cha karantini pale KMTC Nairobi, na mizigo yao. Mtandao mzima ukacheka. Wengine wakawaita wauaji. Mimi swali langu ni tofauti: nani huruka ukuta wa hospitali? Watu huamka saa kumi usiku kupanga laini ili waingie hospitali. Mtu akianza kuruka ukuta kutoka nje, ujue ameshaacha kupaona kama mahali pa kupona.

Halafu kulikuwa na hili lingine, ambalo mpaka leo linanikera. Waliovunja kafyu walianza kupelekwa karantini. Umechelewa kazini, mat imekosa, saa moja imekupata barabarani, unaenda kulala na watu ambao huenda wameambukizwa. Serikali yenyewe ikatufundisha kwamba karantini ni aina ya jela. Baadaye inapokuja kukuomba ujitokeze upimwe, unakumbuka nini? Unakumbuka landrova. Kwa hivyo unakohoa ukiwa umefunika mdomo na mto, unakunywa dawa ya kikohozi ya duka la pembeni, na unaenda job kama kawaida.

Hapo ndipo mimi na wewe tunaingia. Mgonjwa anayejificha ni hatari kuliko mgonjwa anayejulikana, na woga ndio unaowaficha watu.

Wacha niwape mfano ambao niliuona kwa macho yangu. Kwenye ploti niliyokuwa naishi, ile ya vyumba kumi na vyoo viwili, jirani yangu alikuwa msee wa mjengo. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba mpaka nikijua saa anageuka kitandani. Akawa anakohoa usiku, wiki baada ya wiki, akakonda. Akapimwa, akapatikana na TB, akaanza dawa. Alizificha ndani ya mkebe wa siagi ili keteka asijue, kwa sababu aliogopa kufukuzwa.

Dawa za TB kwenye vituo vya umma ni bure. Lakini ubure wake unaishia kwenye kidonge. Matibabu ya kawaida ni miezi sita: miezi miwili ya kwanza ni dawa nne, minne inayofuata ni dawa mbili. Mkojo unageuka rangi ya machungwa mpaka mtu anadhani anatoa damu. Tumbo linachafuka ukizimeza bila kula, na baada ya wiki chache njaa inarudi kwa fujo kwa sababu mwili unajijenga. Sasa huyu jamaa wa mjengo alihitaji kufika saitini kabla ya saa moja asubuhi, la sivyo nafasi yake inachukuliwa. Kliniki ilikuwa inafunguliwa saa mbili. Akikosa siku moja, halipwi siku hiyo. Na kufikia mwezi wa pili alikuwa anajisikia poa, kikohozi kimeisha. Ungekuwa wewe, ungechagua kliniki ama unga? Akakosa siku ya kwanza. Akakosa ya pili.

Kwenye vitabu, huyo ameacha dawa. Ni mtu kama huyo huyo aliyepelekwa jela ya Kapsabet.

Lakini aliyekuja kumtafuta hakuwa polisi. Alikuwa mama mmoja wa mtaa, mhudumu wa afya wa kujitolea, na kitabu chake kimekunjwa kwapani. Alikuja jioni, akamwita nje kwa sauti ya chini, wakaongea karibu na kamba ya nguo. Wakakubaliana: dawa atamletea yeye, jioni, na kliniki ataenda siku moja ambayo watapanga mapema na fundi wake. Halafu akatuambia sisi wengine tuende tupimwe makohozi, bila kutaja ni nani anaugua, ingawa kuta zile zilikuwa zimeshatuambia. Nilienda. Sikulipa hata bob, na sikuwa na kitu. Jirani akamaliza miezi sita yake.

Sasa badilisha kitu kimoja tu kwenye hiyo stori. Weka askari wawili na pingu mahali pa yule mama. Jirani yangu angehama usiku huo huo. Angeenda ushago ama mtaa mwingine, na mkebe wake labda ungebaki nyuma. Angekohoa kwenye ukuta wa mtu mwingine, na safari hii pengine na vijidudu ambavyo vimeshazoea dawa, kwa sababu kuanza na kuacha ndiko kunakozaa TB sugu. Mapafu yangu yaliokolewa na mama mwenye kitabu. Sikuokolewa na kifungu cha sheria.

Najua sasa kuna mtu anaandika: "Sawa, na yule anayekataa kabisa? Yule ana TB sugu, ameelezwa, amesaidiwa, na bado anapanda mat kila siku makusudi?"

Swali zuri, na sitalikwepa. Huyo atengwe. Kwa lazima, kama hakuna njia nyingine. Haki yake ya kutembea haiwezi kumeza haki ya mtoto aliyepakatwa kwenye kiti cha pili. Hata Katiba yetu, kifungu cha 24, inakubali haki nyingi zinaweza kuwekewa mipaka, ila kwa sheria, kwa sababu inayoeleweka, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Afrika Kusini walifika hapo kabla yetu. Mwaka wa 2008 Mahakama Kuu ya Cape Town ilikubali kwamba wagonjwa wa TB iliyoshinda karibu dawa zote wanaweza kuwekwa hospitalini bila hiari yao. Hospitalini, si gerezani. Na hata hospitali peke yake haitoshi. Desemba 2007, katika hospitali ya TB ya Jose Pearson, Port Elizabeth, wagonjwa makumi walitoboa ua na kutoroka wakitaka kwenda nyumbani Krismasi. Walikuwa wamekaa miezi mingi mbali na familia zao. Ukizungusha waya wa miba kwenye wodi na usahau kwamba aliyelala ndani ni baba ya mtu, atatafuta pa kutokea.

Kwa hivyo mimi sibishani kama tutenge ama tusitenge. Ninachotaka kujua ni serikali imefanya nini kabla ya kufika kwenye nguvu, na itafanya nini baada ya kumchukua mtu. Kwa maoni yangu, kabla ya hakimu kutia saini, aulize haya. Je, kuna mtu alimfuata mgonjwa nyumbani, akamsikiliza kwa nini aliacha dawa? Alijaribiwa kupelekewa dawa karibu, ama kubadilishiwa saa za kliniki? Kama shida ilikuwa nauli ama chakula, kuna mtu alisaidia? Kama jibu ni hapana mara tatu, basi aliyeshindwa bado si mgonjwa.

Na akishachukuliwa, apelekwe wodi yenye hewa na madirisha, mahali ambapo kuna muuguzi. Aonwe na daktari, na amri iwe inaangaliwa upya, isiwe tarehe imeandikwa tu mbali huko mbele. Awe na simu aongee na watu wake. Na kama ndiye analisha nyumba, nyumba ile ilishwe. Msinicheke. Ukimtoa mama wa mboga sokoni miezi miwili ili mimi na wewe tuwe salama, watoto wake watakula nini? Tukiona hiyo ni gharama kubwa, basi tuseme ukweli kwamba tunataka usalama wa bure unaolipwa na maskini.

Watu wa kusema "nchi haina pesa" nawasikia. Lakini tuna wahudumu wa afya ya jamii 100,000 ambao Rais Ruto aliwazindua Septemba 2023 kwa shangwe na mikoba mipya ya kazi. Hao ndio akina mama wa kitabu. Kumlipa mmoja wao kwa wakati, kila mwezi, ni rahisi kuliko kutibu mgonjwa mmoja wa TB sugu, na ni rahisi kuliko kumlisha mtu gerezani huku anaambukiza seli nzima. Kama kweli tunaogopa ugonjwa, tuanzie kwenye mshahara wao.

Basi, wasee, hii ndiyo sehemu ya kubeba nyumbani.

Kama unakohoa zaidi ya wiki mbili, unatoka jasho usiku, unakonda bila sababu, nenda upimwe kwenye kituo cha umma. Kupimwa TB ni bure na dawa ni bure. Hakuna anayefaa kukufunga kwa kuugua, na korti imeshasema hivyo.

Kama siku moja afisa anakuja kwako, ama kwa mathee wako, na karatasi ya kumtenga mtu, msipigane naye na msitoroke. Ulizeni kwa heshima maswali matano. Cheti kimetiwa saini na afisa gani wa afya? Ni nani ametoa amri, na kama ni hakimu, yuko korti gani? Anapelekwa hospitali gani? Nani analipa? Na atatoka akitimiza nini? Maswali matatu kati ya hayo majibu yake yamo ndani ya sheria ya 1921, kwa hivyo mtu asikwambie unaleta mambo ya wanaharakati. Ukisikia jibu la swali la tatu ni gereza ama seli ya polisi, piga simu kwa wakili ama shirika la haki siku hiyo hiyo, usingoje siku 46.

Na wewe ambaye huugui, wewe wa kuandika "wafungiwe" ukiwa kwa kochi: ukuta wako na wa jirani yako ni mmoja. Hewa yenu ni moja. Siku atakapoanza kukohoa, utataka awe mtu asiyeogopa kusema.